Mtoto Asiyechanjwa na Mlango wa Masomo

Wengi kati yetu humu Lubumbashi wanauliza: ni haki masomo ya serikali yamkatae mtoto asiye na chanjo?

Sisi tunaamini maombi na kuwekewa mikono. Mtu mzima akikataa dawa kwa mwili wake, ni shauri lake. Lakini mtoto hakuchagua kitu, na surua haiulizi jirani yake anasali wapi. Inapita katika pumzi. Toka 2019 mpaka Januari 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu. Kule Zimbabwe, mwaka 2022, ilichukua watoto zaidi ya 700, na serikali yao ilitaja makusanyiko ya makanisa ya mitume. Hilo lituume, kwa sababu na sisi tunakusanyika.

Lakini muangalie umri. Surua inaua zaidi wale wa chini ya miaka 5. Chanjo yake inaanza kwa miezi 9. Masomo yanaanza kwa miaka 6. Basi mlango wa masomo unafungwa kwa kuchelewa. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure. Mtoto akifukuzwa, analipa kosa la baba mara mbili: hana chanjo, hana kalamu.

Tunaona hivi: mkubwa wa masomo aombe karatasi ya chanjo, ikikosekana amwandike mtoto na amwite muuguzi. Baba akikataa, wazee wa kanisa waende kwake juma lile lile. Na serikali nayo ilete dawa, mama wa Katuba asifike na mtoto mgongoni akute friji tupu.