Kutambua na Kujua

Wapenzi wa sinema wana mchezo wao usio na gharama. Mmoja hutoa picha moja iliyokatwa katika filamu, isiyo na sauti, mwendo wala maandishi. Wenziwe huikazia macho na kutaja jina la filamu yenyewe. Aliyepata hushika zamu. Kwa nje mchezo huu wafanana na kitendawili, lakini tofauti yao ni kubwa. Jibu la kitendawili limefichwa ndani ya maneno yake, na mtoto mwerevu aweza kulifumbua hata kama hajapata kulisikia. Jibu la picha limo katika kumbukumbu ya mtazamaji, na asiye nalo hana budi kutoa mji.

Aliyetaja jina, basi, amejua nini?

Filamu hupita mbele ya macho kwa kadiri ya picha 24 kila sekunde. Filamu ya dakika 90 ina picha 129,600, na mchezaji huonyeshwa moja tu. Ajabu ni kwamba hiyo moja mara nyingi hutosha: kivuli cha ngazi, pembe ya chumba, kofia juu ya kiti. Uwezo huu si wa kudharauliwa, maana ni tunda la kutazama kwa makini. Lakini si kila atambuaye amelima shamba alilovuna. Harold Lloyd akining'inia kwenye mshale wa saa juu ya barabara, katika Safety Last! ya mwaka 1923, atambuliwa na watu wengi wasiopata kuiona filamu hiyo. Hawajui kuwa mtu yule ni mwuzaji wa dukani aliyemfanya mchumba wake aamini kuwa yeye ni mkubwa wa duka, wala kwamba ukuta ule ulikuwa upandwe na rafiki yake. Wanataja jina la kisa cha mtu aliyejivika cheo kisicho chake, na kwa kulitaja wanapokea sifa isiyo yao.

Iko picha yenye fumbo kubwa zaidi. Mwezi wa Septemba 1954 Marilyn Monroe alisimama usiku katika barabara ya Lexington, New York, gauni lake jeupe likipeperushwa na upepo, na wapiga picha wakamzunguka. Tukio hilo lilirudiwa baadaye studioni. Picha mashuhuri ya mwili mzima, ambayo kila mtu huiita picha ya The Seven Year Itch, haimo katika filamu hiyo iliyotolewa mwaka 1955. Aliyeiona filamu kwa uangalifu ana haki ya kusita. Asiyeiona hujibu upesi. Hapa ujinga humshinda mbio ujuzi, na mchezo humtuza ujinga.

Yamkini mbishi atasema kwamba mchezo huuliza jina tu, na mwenye jina ametimiza sharti. Kwa sheria ya mchezo hoja hiyo ni sawa. Udhaifu wake ni kwamba wachezaji hawapeani heshima kwa ajili ya jina. Hupeana kwa sababu jina huchukuliwa kuwa ushahidi wa safari nzima. Ajuaye kuwa hakusafiri, naye akanyamaza, hakusema uongo hata neno moja. Lakini ameuacha uongo useme kwa niaba yake, na haya ya jambo hilo haipungui kwa kuwa ni mchezo.

Kinyume chake yuko mwingine aketiye kimya. Filamu aliiona mara tatu, na mara zote tatu mwisho wake ulimliza. Picha iliyotolewa ni ya meza na dirisha, na wakati meza ile ilipoonekana yeye alikuwa akiutazama uso wa mama aliyekuwa akiingia mlangoni. Wenziwe wanamngoja kidogo, kisha wanamdai mji.