Sahihi ya Mwenye Bando

Mwanafunzi wa chuo kikuu ana madarasa mawili. La mchana ni la wote: mhadhiri mmoja, ubao mmoja, swali moja. La usiku ni la bwenini, na huko kila mmoja husoma kwa kadiri ya mfuko wake. Yupo anayeunga bando, akawasha hotspoti ya simu, akashusha makala aliyoagizwa na kutuma kazi yake kabla ya saa sita usiku. Na yupo anayekaa ngazini karibu na ruta ya ukumbini, kwa sababu waifai ya chuo haifiki chumbani kwake, akiungojea ukurasa unaofunguka nusu na kukatika.

Mimi ni mlezi wa bweni la wasichana katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Kazi yangu hunipitisha kwenye ngazi zile usiku, na mabinti hao nimewaona kwa miaka mingi. Ndiyo maana barua waliyoniletea muhula uliopita, niifikishe Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, imekaa moyoni mwangu hadi leo. Waliomba mambo mawili: printa mpya ya chumba cha kujisomea, na intaneti inayofika vyumbani.

Barua za namna hii nimezipokea nyingi. Kawaida huandikwa kwa hasira, mitihani ikiwa mlangoni, na husema jambo moja tu: mtandao mbovu. Anayeisoma ofisini hana la kufanya nayo. Ataigonga muhuri wa kupokelewa na kuiweka kwenye jalada, wala simlaumu sana, maana hajaambiwa kilichoharibika ni kipi, wapi, wala saa ngapi.

Hii ilikuwa tofauti. Mwakilishi wa bweni, binti wa mwaka wa tatu anayesoma takwimu, aliwagawa wenzake kwa ghorofa. Walipima kasi ya mtandao alfajiri, mchana na saa tatu usiku. Walipima wakiwa wamesimama chini ya ruta, kisha wakapima katika chumba cha mwisho wa korido. Chini ya ruta, alfajiri, mtandao ulikuwa mzuri. Chini ya ruta hiyohiyo, saa tatu usiku, ulikuwa unatambaa. Chumba cha mwisho hakikuwa na kitu saa zote. Hapo wakaeleza, kwa lugha ambayo hata mimi mtu wa fasihi niliielewa, kwamba matatizo ni mawili na dawa zake hazifanani. Chumba cha mwisho kinanyimwa na umbali na kuta za zege, kwa hiyo hata chuo kikinunua kasi kubwa kiasi gani, pasipo ruta karibu yake hakitapata kitu. Tatizo la saa tatu usiku ni jingine: ama ruta ile imezidiwa na watu, ama kasi inayoingia kwenye jengo zima haitoshi. Wakaomba fundi aje saa hiyohiyo, achomeke waya moja kwa moja kwenye swichi, ijulikane ni lipi. Tena wakatahadharisha kwamba ruta zisirundikwe ovyo, kwani masafa ya gigahezi 2.4, ambayo simu nyingi za bei nafuu huyategemea, yana njia tatu tu zisizoingiliana.

Kulikuwa na sentensi moja iliyonipa shida. Waliandika kwamba idadi ya vitanda si idadi ya watu. Kila aliyesoma vyuo vyetu anakujua kubebana: aliyepata chumba humlaza mwenzake aliyekosa, wakagawana godoro moja mwaka mzima. Kanuni zinakataza. Mimi mlezi ndiye ninayepaswa kuzisimamia. Nikamwambia mwakilishi sentensi ile ingeweza kuwaletea matatizo, afadhali aiondoe. Akanijibu kwa adabu, lakini bila kuyumba: "Mama, tukilificha hili watatuletea vifaa vya watu wachache kuliko sisi, halafu tutaonekana tumepewa na bado tunalalamika." Sentensi ilibaki. Sijui wangapi miongoni mwetu, sisi wenye vyeo, tungethubutu kuanza ombi letu kwa kusema ukweli unaotuumbua.

Kuhusu printa walikuwa makini vilevile. Iliyopo ilikuwa zawadi ya msamaria mwema, printa ndogo ya wino wa maji. Printa za aina hiyo ni rahisi kununua na ghali kuendesha. Zaidi ya hapo, ikikaa likizo nzima bila kutumika, wino hukaukia kwenye matundu yake, na chuo kikifunguliwa inatoa mistari mitupu. Waliomba printa ya leza, inayotumia tona, wino wa unga usiokauka, tena inayochapa pande zote mbili za karatasi. Kuinunua ni bei kubwa zaidi. Gharama ya kila ukurasa ni ndogo. Nao walijua hofu ya ofisi, kwamba leo watachapa insha na kesho kadi za harusi, wakapendekeza kila namba ya usajili ipewe idadi yake ya kurasa kwa muhula, na atakayezidisha alipie.

Mwenzangu mmoja ofisini aliuliza kuna haja gani, ilhali steshenari zimejaa nje ya geti. Swali ni la haki. Kazi ya kurasa 40 kwa shilingi 100 ukurasa ni shilingi 4,000, na haionekani pesa ya kutisha. Lakini posho ya mnufaika wa mkopo, ya chakula na malazi kwa pamoja, ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu lenyewe huja kwa mkupuo, likachelewa, likaisha kabla ya wakati. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hurudishiwa rasimu ya utafiti na msimamizi wake, akarekebisha, akachapa tena, ikarudi tena. Kila mzunguko ni mlo. Na kama msimamizi anaitaka saa mbili asubuhi, steshenari zikiwa bado hazijafunguliwa, maana yake binti atoke nje ya geti usiku, peke yake, na flashi mkononi. Mimi ndiye ninayebaki nikiutazama mlango mpaka arudi. Printa ya bwenini ni suala la usalama wa watoto wetu, na ningependa liandikwe hivyo kwenye kila bajeti.

Sasa nije kwenye ukurasa wa sahihi.

Niliusoma jina kwa jina, kwa kuwa nawajua. Waliokosekana walikuwa walewale niliowadhania: wenye simu nzuri na kompyuta mpakato mpya, ambao nyumbani hutumiwa hela ya bando kila wiki. Mwakilishi aliniambia walimjibu kwa heshima kabisa kwamba wao hawana shida hiyo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Lakini bwenini wanalala chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda. Kumjua wanamjua. Wanasikia mwenzao akiamka saa kumi alfajiri kuvizia mtandao ukiwa mwepesi, kisha wanageukia ukutani na kulala.

Hili linanihuzunisha kwa sababu halianzii bwenini wala haliishii huko. Mwenye kisima hafuatilii tena kwa nini bomba la mtaa limekauka. Mwenye mtoto katika shule ya kulipia haonekani tena kwenye mkutano wa shule ya kata. Hakuna ubaya kuchimba kisima, na sitamlaumu mzazi anayemtafutia mwanawe shule nzuri. Ubaya ni kwamba mwenye uwezo akijitoa, anajitoa na sauti yake, na mara nyingi sauti hiyo ndiyo ofisi huisikia upesi. Baba yake anamfahamu mkurugenzi. Yeye mwenyewe anajua kuandika barua pepe isiyopuuzwa. Wanaobaki kuomba ni wale ambao tumezoea kuwaambia wasubiri.

Niliwaita mabinti wale ambao hawakusaini sebuleni kwangu, nikawapa chai. Nikawakumbusha Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi ule mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Bando lilikuwepo, salio lilikuwepo, mtandao haukuwepo. Kwa muda ule mwenye hotspoti na asiye nayo walikaa ngazi moja, wakipeana vitini vya karatasi. Nikawasimulia pia habari za sisi tuliosoma kabla ya Julai 2009, Seacom ilipofika Dar es Salaam, wakati vyuo vilitegemea setilaiti, ghali na nzito, na sote, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima, tulipanga foleni moja kwenye maabara ya kompyuta. Foleni ile ilikuwa mateso. Lakini ilipozidi kuwa ndefu, tulikwenda kudai pamoja.

Mmoja akasema, "Mama, nikisaini nitakuwa nimesema uongo. Mimi mtandao ninao." Nikamwomba aisome barua tena. Haikuandikwa popote kwamba mimi sina. Iliandikwa kwamba bweni letu halina. Akaisoma taratibu, akasaini. Wengine walimfuata. Wapo waliokunywa chai, wakashukuru, wakaondoka bila kugusa kalamu, na bado nawapenda.

Barua ilipelekwa. Printa ya leza imekuja, na utaratibu wa kurasa kwa namba ya usajili unafanya kazi vizuri kuliko hata tulivyotarajia. Ruta hazijaja. Tumejibiwa kwamba mwaka wa fedha, unaoanza Julai, ulikuwa umeshapangiwa matumizi yake, na kwamba manunuzi ya umma yana hatua zake katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Majibu hayo ni ya kweli, na nayaheshimu, ingawa natamani kila ofisi ingeyatoa kwa maandishi na kwa wakati kama tulivyofanyiwa safari hii. Kunyamaziwa ndiko kunakomfundisha kijana kwamba kuandika barua ya adabu ni kupoteza muda, na kwamba lugha pekee inayosikika ni ya mgomo.

Mwakilishi amemaliza chuo. Alijua tangu anapanga vipimo vyake kwamba intaneti hii, ikija, hataitumia yeye, na bado alirudi korido ile saa tatu usiku kupima upya pale namba zilipomtia shaka. Nakala ya barua na jedwali la vipimo ninavyo, na nyingine nimempa binti wa mwaka wa pili aliyechaguliwa badala yake. Kabla vitengo havijaanza kuandaa makadirio ya mwaka ujao wa fedha, atapima tena ghorofa zote, kisha tutakwenda ofisini pamoja.