Sifa Zilizochelewa

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, albamu ya singeli zilizopikwa studio ya Sisso, Mburahati. Wahakiki wa Ulaya wakauita muziki wa kesho. Huku kwetu Bunju, kwenye vigodoro, midundo ile ya zaidi ya 200 kwa dakika ilishazoeleka miaka mingi, na wazee walishaihukumu: uhuni.

Nani alitenda haki? Mhakiki anayeusifu muziki ambao haujawahi kumkosesha usingizi simwamini sana. Jirani aliyekoseshwa usingizi naye hakuusikiliza, aliusikia tu. Ningependa kusoma uhakiki wa binti aliyecheza mpaka alfajiri, kisha akapanda daladala kwenda kazini.