“Glimmer”: Je, Mwanga Hafifu Nao ni Mwanga?



Kuna neno la Kiingereza limenikaa kichwani wiki hii: “glimmer”. Ni mwanga hafifu, wa kumetameta, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na tumaini kidogo tu, Waingereza husema ana “glimmer” ya tumaini.

Asili yake ndiyo imenishangaza. Neno hili lina undugu na “gleam”, yaani kung'aa, na Wajerumani wana “glimmern” ya ukoo huohuo (hata ulanga, yale mawe yanayometameta, wao huuita Glimmer). Mwishoni mwa miaka ya 1300 kitenzi hiki kilimaanisha kung'aa sana. Miaka ya 1400 kikaanza kumaanisha kung'aa kwa shida. Yaani neno lenyewe lilififia!

Sasa, rafiki yangu mmoja wa jumuiya ameacha kuja Misa. Anasema, “Zamani nilikuwa nawaka, bwana. Siku hizi sisikii kitu. Nikija ni unafiki tu.”

Mimi sikubaliani naye. Mnafiki huigiza mwanga asio nao. Anayekuja na kidogo alicho nacho, na anakiri ni kidogo, anaigiza nini? Mama Teresa wa Calcutta aliishi miaka mingi na giza moyoni. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha hivyo. Aliendelea kusali na kuhudumia maskini. Mwaka 2016 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Najua utaniuliza: je, na uvuguvugu? Kweli, Ufunuo sura ya 3 hauchekei na watu vuguvugu. Ila wasome vizuri wale wa Laodikia: wao walijiona matajiri, hawahitaji kitu. Rafiki yangu anaumia kwa kukosa. Hao si watu wa aina moja hata kidogo.

Tena tazama ile taa karibu na tabernakulo. Kanuni namba 940 ya Sheria za Kanisa inadai iwake daima. Huwezi kusomea kitabu cha nyimbo kwa mwanga wake, wala haikuwekwa kwa kazi hiyo. Inaonyesha tu kwamba Yesu yupo pale.

Jumapili nitampitia rafiki yangu twende wote. Akikataa, nitampitia tena Jumapili inayofuata.