Mfanyakazi ni Ndugu, Si Chombo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, malalamiko ya matajiri wa mji wetu ni mamoja siku zote: watumishi ni wavivu, tena waongo, na ukiwapa kisogo kazi husimama. Nasi twauliza: je, uvivu huo wamezaliwa nao, au ni sisi tuliowafundisha?

Mtu wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kutafuta jawabu. Bandarini Kilindini, kwa miaka mingi, mchukuzi aliajiriwa kwa kutwa. Akitakiwa, huingia, kazi ikiisha, hutoka, wala hana dai. Kisha mtu huyo huyo akashutumiwa kuwa haji kazini kila siku! Aliyeajiriwa kwa siku moja, ataihurumiaje kesho ya bwana asiyeihurumia kesho yake? Mambo yalipowazidi, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12 hivi: si wa bandari peke yao, bali wa reli, wa hoteli, na hata watumishi wa majumbani. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipowekwa utaratibu wa kuwaandikisha wachukuzi.

Mtu avunjiwaye heshima hufanya kazi kwa kadiri ya jicho linalomtazama. Akikosea huficha, kwa kuogopa matusi. Na kosa lililofichwa huharibu mali zaidi kuliko kosa lililosemwa. Basi bwana amfanyaye mtu kuwa chombo asistaajabu akiona chombo hakina huruma.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu, tuwalishe tulacho, tuwavishe tuvaacho, wala tusiwatwike wasiyoyaweza ila tuwasaidie. Anas bin Malik alimtumikia miaka 10, wala hakusikia kwake hata neno la kuudhika. Na katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyemtumia mfanyakazi mpaka kazi ikatimia, kisha asimpe ujira wake.

Itamfaa nini mtu kusimama safu ya kwanza msikitini, na nyumbani kwake mpishi anadai mshahara wa miezi 2, na mzee mwenye wajukuu anaitwa “boi”?

Wala hatumwambii mfanyakazi kuwa dhulma ya bwana imemhalalishia hiana. La! Amana ni amana, na kila mmoja ataulizwa ya kwake.

Basi na tuanze majumbani na madukani mwetu: tuwaite kwa majina yao, tuwalipe kwa wakati wake, tuwape nafasi ya kusali na kupumzika, na akosaye tumwelekeze pasina kumtukana mbele za watu.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.