KUFAHAMU YALIYO NYUMA YA MANENO

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, hapana mtaa katika miji yetu ya pwani usiokuwa na baraza, na watu wetu kwa kusema hawana upungufu. Lakini lijapo jambo zito, mume na mke wamekosana, au ndugu wagombania nyumba aliyowaachia baba yao, wazee hukutana, wakatoa nasaha nzuri, wakanywa kahawa, wakaombeana dua na kuagana. Hazipiti siku nyingi illa twasikia talaka imetoka, au wale ndugu hawaitikiani salamu. Yatupasa tujiulize: katika kikao kile kulikosekana nini? Wasemaji walikuwapo tele. Aliyekosekana ni msikilizaji.

Wako wenzetu wasemao kuwa kumfahamu mtu kwa uso wake na sauti yake ni kipawa, aliyepewa amepewa, na aliyenyimwa akiwa mtoto hawezi kukipata akiwa na ndevu. Sisi twasema kuwa maneno haya si kweli. Masahaba wengi wa Bwana Mtume (s.a.w.) waliingia katika dini wakiwa watu wazima, na waliendelea kujifunza adabu za kusema na kusikiliza mpaka wakawa viongozi wa umma.

Tutazame kisa kilichopokewa katika zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), baina ya mwaka 13 na 23 wa Hijra. Mwanamke mmoja alimjia, akamwambia kuwa mumewe hufunga mchana na husimama usiku kucha akisali. Sayyidna Umar akamsifu yule mume na kumwombea mkewe kheri. Mwanamke akaona haya, akaondoka. Kaab bin Sur, aliyekuwapo pale, akamwambia Khalifa kuwa mwanamke yule hakuja kumsifu mumewe. Amekuja kumshitaki, kwa kuwa amemwacha na hamkaribii. Mara hiyo Sayyidna Umar akaamrisha arudishwe. Mume alipoletwa, Khalifa akamwambia Kaab ahukumu yeye, kwa kuwa ndiye aliyefahamu. Kaab akapima kuwa mume angaliweza kuwa na wake wanne, na kila mmoja angalipata usiku mmoja katika minne. Basi mikuu mitatu na afanye ibada yake, na wa nne ni haki ya mkewe. Sayyidna Umar akapendezwa na fahamu ile, akamfanya Kaab kuwa kadhi wa Basra.

Tazameni, ndugu zetu, yaliyomo katika kisa hiki. Mwanamke yule alisema kweli tupu, lakini haya ilimfanya avike mashitaka yake nguo ya sifa. Na Sayyidna Umar, pamoja na ukubwa wake, hakuona aibu kufunzwa mbele ya watu, wala hakusema kuwa jambo limekwisha kuamuliwa. Je, ni wazee wangapi miongoni mwetu wawezao kumwita mtu arudi, wamsikilize mara ya pili?

Kisa kingine ni cha Abu Huraira (r.a.), aliyekuja Madina katika mwaka wa 7 wa Hijra. Alishikwa na njaa kali, akakaa njiani. Akapita Sayyidna Abubakar, akamwuliza juu ya aya ya Qur'ani. Akapita Sayyidna Umar, akamwuliza vilevile. Kila mmoja wao akapita, na Abu Huraira hakuuliza illa apate kukaribishwa chakula. Kisha akapita Bwana Mtume (s.a.w.), akamtazama, akatabasamu, akajua yaliyo usoni mwake na moyoni mwake, akamchukua nyumbani, akamnywesha maziwa pamoja na maskini wa Suffa. Basi swali laweza kuwa ni swali, na laweza kuwa ni ombi la mtu anayeona haya kuomba.

Na Bwana Mtume (s.a.w.) alimwambia Bibi Aisha (r.a.) kuwa yeye hujua anapokuwa radhi naye na anapokuwa ameghadhibika: akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na ghadhabu huapa kwa Mola wa Ibrahimu. Bibi Aisha akakiri, akasema kuwa hakuna alichokiacha illa jina. Hakika mume aliyetambua hasira ya mkewe kwa tofauti ya neno moja katika kiapo ni mume aliyekuwa akisikiliza siku zote, katika radhi na katika ghadhabu.

Sasa turudi kwetu. Mke huketishwa mbele ya wazee, mumewe kulia na babamkwe kushoto, akaulizwa kama ameridhika. Huinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeridhika, wazee wangu." Wazee humshukuru Mungu, wakavaa viatu. Lakini alimtazama nani kabla ya kujibu? Nani alimjibia maswali yake ya mwanzo? Wanazuoni wa madhhabu yetu ya Shafi wamesema kuwa kunyamaza kwa mwanamwali anapotakwa idhini ya ndoa huwa ni ridhaa, lakini akilia kwa ukelele au akijipiga uso, kunyamaza huko hakuhesabiwi. Ikiwa sheria yenyewe hutazama machozi, vipi sisi tutosheke na neno moja lililosemwa kwa hofu?

Lakini jihadharini, ndugu zetu, na mlango wa pili. Mwenye kujifunza kusoma nyuso asije akajidhani ajua siri za mioyo. Katika Surat al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza dhana nyingi na kupelelezana. Na Usama bin Zaid (r.a.) alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha, Bwana Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali, akamwuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Basi alama uionayo usoni mwa mwenzio ni sababu ya kumwuliza, wala si hoja ya kumhukumu. Kaab alipofahamu, mume aliitwa naye akasikilizwa.

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Surat an-Nisaa kuwa pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Kazi hii ni amana. Mwenye kuitwa kuifanya na amsikilize kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha, na mke awe pamoja na mahrimu anayemwamini, au azungumze na mwanamke mwenye busara. Arudie aliyoyasikia, aulize: "Je, nimekufahamu sawasawa?" Wawili wasinong'one hali watatu wao yupo, kwani Bwana Mtume (s.a.w.) amelikataza jambo hili kwa kuwa humhuzunisha. Asikate shauri hali ameghadhibika. Wala asitosheke na maandishi ya simu, kwani hayana uso wala sauti. Mambo mengi yafikayo mbele ya Kadhi yangaliweza kumalizika nyumbani, lau wazee wangalikaa saa moja zaidi.

Asiyejua haya na aanze leo, hata akiwa na mvi. Na mwanzo wake ni kunyamaza mpaka mwenzio amalize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe masikio yenye kusikia na nyoyo zenye kufahamu, na azisuluhishe nyumba zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.