Uko Sawa, Punguza Chumvi Tu

Dereva mmoja wa kreni bandarini Mombasa alijisifu mtaani kwamba presha haimjui. Kila akipimwa, kaketi mkono mezani, mashine inasoma 132 kwa 84. Muuguzi humwambia, "Uko sawa, punguza chumvi tu," naye hutoka na yale maneno mawili ya kwanza.

Alipofika miaka 46 akawa anahema kwenye ngazi za kreni, akatumwa kupimwa moyo kwa mazoezi. Akabandikwa waya kifuani, akapandishwa kwenye mkanda unaotembea, ule ambao katika kipimo cha Dkt. Robert Bruce wa Seattle huongezwa kasi na mwinuko kila baada ya dakika 3. Moyo haukuonyesha kasoro. Lakini presha ya juu ilifika 224.

Mtu akikimbia, namba ya juu lazima ipande, kwa kuwa moyo unasukuma damu nyingi zaidi. Mishipa yenye afya hutanuka kuipokea damu hiyo, na namba ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo. Mwanamume akivuka 210, au mwanamke 190, huenda mishipa imeanza kukakamaa. Watu wa namna hiyo ndio wanaoelekea zaidi kupata presha ya kudumu miaka ya mbele.

"Ndugu yangu, hii si presha bado," daktari alimwambia, "lakini imeshabisha hodi. Jipime nyumbani asubuhi na jioni, wiki nzima, kisha uniletee."

Jamaa alisikia "si presha". Karatasi akaisokomeza kwenye bahasha ya risiti za stima.

"Wamesemaje?" mkewe akauliza.

"Moyo mzima, mama. Nimekimbia mpaka mashine ikachoka."

Na hakudanganya; moyo ulikuwa mzima kweli. Hapo ndipo wengi huponzwa: waliulizia moyo, wakajibiwa moyo.

Miaka mitano baadaye, alfajiri, anafunga vifungo vya shati, vidole vya kulia vikagoma. Kiharusi. Hospitali ilimpima 198 kwa 116.

Mkanda ule una gharama, wala si wa kila mtu. Kipimo cha mkononi nyumbani huwafaa wengi. Mdogo wa dereva yule, utingo wa matatu Likoni, alikinunua mwezi uleule wa kiharusi. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85. Wastani wa wiki yake ulikuwa 141 kwa 92. Ameshaanzishiwa vidonge.